Ghorofa letu lina nyufa, nani atawajibika tukiwa bado hai?

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wote. Naomba nafasi niseme kuhusu hizi ghorofa tunazouziwa hapa Dar, maana naona hii ishu inaongelewa siku jengo likianguka tu, wiki mbili baadaye kimya. Mimi ni mmoja wa wamiliki kwenye ghorofa moja humu mjini, kila mtu kanunua yuniti yake, wengine kwa kiinua mgongo cha miaka yote ya kazi, wengine kwa mkopo wa benki wa miaka 15, na wote tuliambiwa jengo limejengwa kwa viwango. Leo nguzo za chini kwenye paking zina nyufa unaingiza sarafu, zege chini ya ngazi linabanduka vipande vipande na nondo zinaonekana zimeshaliwa na kutu, na masika ikianza maji yanapenya ukutani mpaka soketi za umeme zinalowa.

Tena naomba nieleweke, sizungumzii zile nyufa za plasta ambazo fundi anaziba, anapaka rangi, mambo yanaisha. Hizi zinakatiza nguzo kwa mshazari, na jirani mmoja alianza kuchora alama ya kalamu pale ufa unapoishia, tukirudi kuangalia ufa umeshavuka alama. Watoto wanacheza pale pale chini.

Sasa nenda kalalamike uone. Aliyetuuzia anasema muulizeni kontrakta. Kontrakta anasema yeye mkataba wake ni na mwendelezaji, yaani huyo huyo aliyetuuzia, sisi hatutambui, na tena kipindi cha matazamio (muda baada ya kukabidhi jengo ambao kontrakta anatakiwa arekebishe kasoro) kilishaisha zamani, fedha zake za zuio, yaani sehemu ya malipo inayoshikiliwa mpaka muda huo uishe, alishalipwa, kazi ilipokelewa bila tatizo. Ukienda ofisi ya serikali unaambiwa hilo ni suala la mkataba kati yenu na muuzaji nendeni mahakamani, ukienda ofisi nyingine unaambiwa andika barua, unaandika, inagongwa muhuri imepokelewa na ndio mwisho wake. Hakuna aliyetuambia jengo ni salama na hakuna aliyetuambia tuhame, na mimi hapo ndipo panaponiuma zaidi, maana kama ni salama mtu aandike na asaini, na kama sio salama vilevile aandike na asaini.

Ukweli ni kwamba nchi hii inajua kuwajibisha watu, ila baada ya maiti. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, lile jengo la ghorofa 16 mtaa wa Indira Gandhi hapa Dar lilianguka likiwa bado linajengwa, watu 36 wakafa wakiwemo watoto waliokuwa wanacheza jirani, ndipo mmiliki, kontrakta na watumishi wa manispaa wakapelekwa mahakamani. Tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka la Kariakoo, watu wakakaa chini ya kifusi siku kadhaa wanaomba maji, nchi nzima tunafuatilia, na mwisho wa mwezi uleule wamiliki watatu wakasomewa kwenye mahakama ya Kisutu mashtaka 31 ya kuua bila kukusudia. Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, akaunda timu ya kukagua majengo ya Kariakoo. Sawa, ni hatua nzuri, silaumu. Ila mbona sheria inapata nguvu zote hizo siku ya mazishi, na mimi niliye hai mwenye ufa unaokua sina hata ofisi moja iliyo lazima inisikilize?

Kuna watu wanatuambia kwani nyie mlinunua bila kukagua. Jamani, tulikagua nini? Mnunuzi anaona vigae, anaona jiko, anafungua bomba maji yanatoka, anaona rangi mpya. Nguzo ikishamwagwa zege huwezi kuona ndani kuna nondo ngapi, za milimita ngapi, ringi (vile vyuma vyembamba vinavyozungushwa kushika nondo) zimefungwa kwa umbali gani, mchanga ulikuwa wa mto au umechotwa pwani wenye chumvi ambayo ndio hiyo inakuja kula nondo baada ya miaka, na simenti iliwekwa ya kutosha au fundi aliongeza maji ili zege litiririke haraka jioni isiwakute. Anayejua hayo ni injinia aliyekuwa saiti. Zege likimwagwa wanatakiwa wachukue sampuli kwenye vile viboksi, zinapelekwa maabara zinapondwa siku ya 7 na siku ya 28 kuona zimebeba mzigo kiasi gani, majibu yanaandikwa. Sisi tumeomba hayo majibu ya jengo letu. Hatujapewa hata karatasi moja mpaka leo. Benki nayo ilileta mthamini kabla ya kutoa mkopo, tukajiona tuko salama, kumbe mthamini kazi yake ni bei ya soko, hakuja kupima nguzo, na makato ya benki yanaendelea kila mwezi hata kama jengo lenyewe halijulikani litasimama mpaka lini.

Halafu kuna jambo ambalo wamiliki wenzangu hawatapenda nilitaje ila nitalitaja. Kwenye vikao vyetu wapo waliosema tunyamaze, tukipiga kelele bei itashuka, hakuna atakayenunua wala kupanga. Nawaelewa, ni hela ya maisha yao yote ile. Lakini mmoja wetu ameshauza, nyufa za sebuleni kaziba na kupaka rangi, familia nyingine imehamia na watoto wadogo na hawajui kitu. Mimi nilipowaona wanapandisha makochi sikuweza kulala. Mfumo unaomwacha mwenye nyumba peke yake ndio unaomfikisha hapo, anaona njia ya kujiokoa ni kumpasia mwenzake hatari, na hiyo sio sawa kabisa hata kama unaelewa ilikotoka.

Niwageukie maafisa. Ghorofa halijengwi usiku mmoja. Kuna kibali cha ujenzi, kuna michoro yenye mihuri ya msanifu na injinia waliosajiliwa, kuna mkaguzi anayetakiwa aje kuona msingi kabla haujafukiwa na nondo kabla slabu haijamwagwa. Kila hatua ina jina la mtu na saini yake. Sasa kwa nini mimi ninayelala humo ndani siruhusiwi kuona hayo majina? Wakati wa ujenzi pale nje kunakuwa na kibao, kinaonyesha kontrakta nani, injinia nani, msanifu nani, namba za usajili, kila mpita njia anasoma. Siku jengo likiisha kibao kinang'olewa, yaani taarifa zinaondoka siku ileile watu wanapoanza kuishi mle. Mimi nasema kibao kihamie mlangoni, kiwe cha chuma, kibaki hapo maisha yote ya jengo, na kiongezewe jina la afisa aliyepitisha ukaguzi wa mwisho. Wala halihitaji bajeti hilo.

La pili ni hiki kipindi cha matazamio, ambacho kwa kawaida ni miezi 6 au mwaka. Hicho kinatosha kugundua mlango haufungi au bomba linavuja, ila kutu ya nondo haiji kwa mwaka mmoja na msingi mbovu unaweza ukatulia masika mbili tatu ndio uanze kuzama. Wafaransa sheria yao inamfunga mjenzi miaka 10 kwa kasoro zinazotishia uimara wa jengo na lazima awe na bima ya hiyo miaka 10, iko hivyo tangu sheria yao ya 1978, kwa hiyo mwenye nyumba hababaishwi na kampuni iliyofilisika. Uingereza baada ya ghorofa la makazi la Grenfell kule London kuungua Juni 2017 na kuua watu 72, wenye nyumba walipambana miaka mpaka sheria ya mwaka 2022 ikarefusha muda wa kudai kwa nyumba zilizojengwa vibaya zamani kutoka miaka 6 hadi 30. Sisemi tunakili kila kitu, ila nasema wale pia waliambiwa mwanzoni kwamba muda umeisha, na muda ukarefushwa.

Kwetu sheria ya umiliki wa sehemu ya jengo ya mwaka 2008 inatupa haki ya kuwa na umoja wa wamiliki, na umoja wetu tumeshauandikisha, kwa hiyo wale wanaosema tuje na sauti moja, sauti ipo. Kinachokosekana ni wa kutujibu. Bodi ya Makandarasi na Bodi ya Wahandisi wanaweza kumchukulia hatua mwanachama wao, sawa, lakini kumfutia mtu usajili hakunirudishii nguzo, na kampuni nyingine za kujenga na kuuza zinasajiliwa kwa ajili ya mradi mmoja tu, nyumba zikiisha kuuzwa ukienda ofisini unakuta duka la simu.

Kwa hiyo ombi letu ni hili. Serikali itume wahandisi wasiohusika na mradi wetu waje watoboe nguzo wachukue sampuli, watuandikie majibu, wamiliki wote wapewe nakala na wapangaji pia maana nao ni watu. Gharama ya upimaji tuko tayari kuchangia, lakini gharama ya matengenezo abebe aliyejenga na aliyeuza, na kama kuna afisa aliyesaini bila kufika saiti naye aitwe aeleze. Jibu tunaliomba kabla ya masika, kwa sababu masika iliyopita ndiyo iliyotufungulia huo ufa mkubwa wa nguzo ya kona, na juu ya nguzo hiyo kuna familia inaishi.

Mmiliki wa apatimenti,
Dar es Salaam