Risala ya vijana mafundi seremala kwa Mgeni Rasmi, Bagamoyo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa serikali ya mtaa, walimu wetu, wazee wetu wa ufukweni, ndugu wananchi: Assalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Banda unaloliona mbele yako, la matao ya fito zilizokunjwa, halina nguzo iliyochimbiwa wala zege. Mji wetu ni wa magofu. Pale Kaole huwezi kupiga sururu kwa ajili ya shughuli ya siku mbili bila kuvuruga yaliyolala chini. Tulitaka kivuli kinachofungwa na kufunguliwa.

Mwaka 1975, huko Mannheim, Ujerumani, msanifu majengo Frei Otto na wenzake walisimamisha ukumbi mkubwa kwa fito za milimita 50 kwa 50, yaani mbili kwa mbili yetu ya kupigia dari. Zilisukwa zikiwa bapa, kisha zikainuliwa mpaka zikajikunja kuwa kuba. Sisi kuba hatukulithubutu. Tumetengeneza matao, maana tao likiharibika hubadilishwa peke yake.

Kazi yote iko kwenye unene. Ukipunguza unene wa ufito kwa nusu, unapinda kwa nguvu ndogo mara nane, ndiyo maana paini ya nusu inchi tunaikunja kwa mikono. Lakini kinachokunjika upesi hulegea upesi. Kwa hiyo kila tao lina fito mbili: tunazikunja kwanza, tunaweka vipande vya mbao katikati, ndipo tunakaza bolti. Hapo haziwezi kutelezana, zinabeba kama ubao mmoja mnene. Gundi hatukutumia, tungelifunguaje? Wazee wa majahazi, ambao kwa mataruma, yaani mbavu za chombo, hutafuta mti uliopinda wenyewe, walitucheka, kisha wakatufundisha kusoma nyuzi za mbao na kukataa ufito wenye fundo.

Changamoto yetu ni upepo. Banda jepesi, kusi ikilishika turubai lake, huinuka kabla ya kuanguka. Miguu tumeifunga kwenye mapipa ya maji ya lita 200, kilo 200 kila moja. Hata hivyo tumekukalisha chini ya turubai la kukodi, na tumefanya makusudi.

Tunaomba mhandisi wa halmashauri alikague banda letu kabla watoto wa shule hawajakaa ndani yake. Pia tunaomba chumba kikavu cha kuhifadhia fito, kwani mchwa wa hapa hawana likizo. Fedha hatukatai, Mheshimiwa, ila mhandisi kwanza.

Tunaomba kuwasilisha.