Barua kwa mwanangu: kabla sijatia sahihi fomu ya mkopo

Binti yangu mpendwa,

Nimepata ujumbe wako kwamba umechaguliwa kusoma shahada ya sayansi za afya, na kwamba fomu ya mkopo inatakiwa irudishwe kabla ya mwisho wa mwezi ikiwa na sahihi yangu kama mdhamini. Mama yako ameshaitangaza habari hiyo kwa kila anayepiga simu, nami sikumzuia, kwa maana fahari niliyonayo si ndogo. Hata hivyo, fomu bado iko hapa mezani, na haitaondoka mpaka unijibu swali moja: ukihitimu shahada hiyo, utapata leseni ya kufanya kazi gani?

Nauliza hivyo kwa sababu jina la sayansi za afya limebeba mengi. Anayesomea uuguzi, famasia, fiziotherapia au maabara humaliza akiwa na kada inayojulikana, husajiliwa na baraza la taaluma yake, na matangazo ya ajira huitaja kada hiyo kwa jina. Zipo pia shahada za jumla, zenye anatomia, takwimu na sera za afya, ambazo ni elimu nzuri tu lakini hazimpi mhitimu usajili wowote, na baadhi ya wanaozichukua hulazimika kurudi darasani kutafuta shahada ya pili, yaani mkopo juu ya mkopo. Ada zake zaweza kulingana kabisa na za wenye leseni. Umeniandikia kwamba watu wa afya hawakosi kazi. Hospitali inaweza kuelemewa na wagonjwa na bado isiajiri, kwa kuwa anayeajiri ni bajeti, wala si foleni ya wagonjwa.

Sasa tuje kwenye hesabu. Tuseme riba ni asilimia 8 kwa mwaka. Kwa kila 100 utakayokopa, ukirejesha kwa awamu sawa za kila mwezi kwa miaka 10, utakuwa umelipa takriban 146. Ukivutiwa na rejesho dogo ukachagua miaka 20, utalipa takriban 201. Hapo nimechukulia kwamba riba inaanza siku unapoanza kulipa. Ikiwa inaanza siku fedha zinapotolewa, na kila mwaka inaongezwa kwenye deni, basi 100 uliyoichukua mwanzoni mwa shahada ya miaka 4 itakuwa imefika 136 kabla hujavaa joho. Ndiyo maana nakutaka utafute katika mkataba ule mstari unaosema riba inaanza lini, na uniandikie maneno yake kama yalivyo, si kama ulivyoyaelewa.

Kipo kipimo chepesi ambacho washauri wengi wa mikopo hukitumia: deni lote siku ya kuhitimu lisizidi mshahara wa mwaka wako wa kwanza kazini. Nasema mshahara wa kuanzia, si wa bingwa aliyezeeka wodini, na ukiuchukua ule unaobaki baada ya kodi na makato ndipo utakapoujua uzito wa rejesho. Ongeza ada ya usajili, ada ya kuhuisha leseni, na ile miezi ya kusubiri ajira ambayo hakuna anayeitia katika hesabu. Usiniambie utafanya kibarua ujilipie matumizi. Mafunzo kwa vitendo yana zamu za usiku na za mwisho wa wiki, na mara nyingi hayana malipo.

Shangazi yako alipokushauri uanze na stashahada ya uuguzi ulimjibu kwa mkato, na jambo hilo limenikera. Mwenye stashahada na leseni anaweza kuanza kupokea mshahara mapema, akajiendeleza baadaye kwa deni dogo, na wapo waajiri wanaowasomesha watumishi wao. Huenda shahada ikawa bora kwako, maana kichwa unacho. Nionyeshe tu leseni iliyo mwisho wake. Najua kaka yako nilimtilia sahihi bila maswali yote haya, hilo tuliache.

Mdhamini ndiye hufuatwa mkopaji anaposhindwa, nami nakaribia kustaafu. Mdogo wako bado yuko shuleni, na fedha za kuezeka upya chumba cha nyuma zimeshatengwa, kwa hiyo usizihesabu kama akiba ya dharura yako, kwa maana mvua haitasubiri.

Nitumie nakala ya mkataba, kurasa zote, pamoja na orodha ya ada za kila mwaka hadi wa mwisho, na uulize chuoni wahitimu wa kozi hiyo husajiliwa na baraza lipi. Wakikujibu kwa kuzungukazunguka, niambie hivyo hivyo. Mama yako anataka kujua kama utakuja kuchukua vitabu vyako vya biolojia au mdogo wako avitumie.

Ni mimi baba yako.