Video Inakwama? Usikimbilie Kadi Yenye GB Nyingi

Wateja wengi wenye kompyuta za mezani za mtumba wakija dukani huwa wameshajipangia jibu: "Nipe kadi ya grafiki ya GB 4, ya bei poa, nitazame HD bila kukwama." Kwa kutazama video tu, hizo GB 4 hazina maajabu. Memori kubwa ni habari ya gemu. Cha kuulizia ni aina za video ambazo chipu ya kadi inaweza kung'amua yenyewe.

Video husafirishwa ikiwa imebanwa, na kila mtindo wa kubana unataka king'amuzi chake, yaani sehemu ya chipu inayoifungua. Muvi za kwenye flashi nyingi ni H.264 au HEVC. YouTube hutuma zaidi VP9, na siku hizi AV1. Kadi isiyoujua mtindo husika huitupia prosesa mzigo wote. Prosesa ikizidiwa, feni inavuma na picha inaganda huku sauti ikiendelea.

Ndiyo maana GT 710 na GT 730, ambazo zimejaa sokoni, zinawaangusha watu. H.264 zinaiweza vizuri, lakini VP9 hapana, na HEVC pia hapana. Hata ukipewa GT 730 ya GB 4, ni yale yale. Ukipata GT 1030, iliyotoka 2017, HEVC na VP9 zote zimo, inakula wati 30 tu bila waya wa ziada wa umeme, na zipo fupi zinazoingia kwenye kasha jembamba. Ila haitoi VGA, ile plagi ya zamani ya waya wa skrini. Kama skrini yako ni ya zamani yenye VGA peke yake, weka na adapta kwenye bajeti.

AV1? Hapo unaangalia Intel Arc A310 au A380, bei inapanda. Na upya wa kadi usikudanganye: RX 6400 ni ya 2022, lakini AV1 haina.

Lakini kwanza soma namba ya prosesa yako. i5-7500 ni kizazi cha 7, na grafiki yake ya ndani inang'amua HEVC na VP9 bila kadi yoyote. Hapo huenda kinachokosekana ni draiva tu (programu inayoiendesha grafiki), kazi ya dakika chache. Fungua Task Manager ya Windows, sehemu ya GPU (grafiki), video ikiwa inacheza: mstari wa Video Decode ukilala sifuri huku CPU (prosesa) imefika 100%, king'amuzi hakifanyi kazi. Mwenye i5-4570, ya kizazi cha 4, anaweza kuanza na h264ify, kiongezi cha bure cha kivinjari kinachoilazimisha YouTube itume H.264. Utaishia 1080p, ambayo kwa skrini nyingi za ofisini inatosha kabisa. Tunapoteza mauzo tukisema hivi, sawa tu.

Jihadhari pia na kadi za kuchakachuliwa, chipu ya zamani iliyobandikwa jina la GTX 1050 Ti. Programu ya bure ya GPU-Z huzitambua nyingi na kuziandika "FAKE". Muuzaji akikukataza kuijaribu kadi mbele yake, ondoka.

Kwetu, njoo na kompyuta yenyewe pamoja na ile video inayokusumbua kwenye flashi. Tunachomeka kadi, tunaicheza mbele yako, halafu ndipo tunaongea bei.