Hip hop haikuanza na kipaza sauti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linaloniuma kila ninaposoma kurasa za burudani. Wiki iliyopita mwandishi wenu aliieleza hip hop kuwa ni muziki wa kuchana, yaani rapu, basi. Sina ugomvi naye, na wachanaji nawapenda. Lakini hip hop ni utamaduni wa DJ, mchezaji, mchora ukuta na mchanaji, na maelezo hayo yanakata sehemu kubwa yake; wa kwanza kukatwa ni yule aliyeuanzisha, DJ. Mimi ni DJ. Nilianza kwa kubeba maboksi ya santuri ya kaka yangu kwenda kwenye disko toto za Idi hapa Temeke, kwa hiyo jambo hili linanigusa moja kwa moja.

Tarehe 11 Agosti 1973, kwenye ghorofa namba 1520 barabara ya Sedgwick, mtaa wa Bronx jijini New York, binti mmoja aitwaye Cindy Campbell aliandaa sherehe. Alitaka pesa ya kununua nguo za kufungulia shule. Akapata ukumbi mdogo wa chini kwenye jengo walimoishi, kadi za mwaliko zikaandikwa kwa mkono, kiingilio kikawa senti 25 kwa wasichana na senti 50 kwa wavulana. Muziki akamwachia kaka yake Clive, kijana wa miaka 18 mzaliwa wa Kingston, Jamaika, ambaye mtaani alijulikana kwa jina la Kool Herc. Vyombo vilikuwa vya baba yao. Yaani dada ana shida, kaka anasimama naye, mzee anatoa spika. Nani kati yetu hajawahi kuona shughuli ya namna hiyo nyumbani kwao?

Herc alikuwa na jicho la DJ. Aliona wachezaji wanajibana ukutani wakisubiri kipande kimoja tu cha wimbo, pale mwimbaji anaponyamaza na kubaki ngoma na besi. Kipande hicho huwa kifupi, sekunde chache kimekwisha. Akachukua santuri mbili za wimbo uleule: ya kwanza ikimaliza kipande, ya pili inakianza, anarudi ya kwanza, tena ya pili. Mtindo huo akaupa jina la bembea ile ya watoto inayozunguka. Waliojitosa katikati ya duara wakati wa kipande hicho ndio walioitwa b-boy na b-girl, na hiyo "b" ni ya breki, ule mkato wa wimbo.

Na mwenye kipaza sauti je? Alikuwepo rafiki yake Herc, Coke La Rock. Kazi yake ilikuwa kukaribisha watu, kutaja majina ya marafiki na kuchangamsha ukumbi. Huyo ndiye MC wa mwanzo. Kwa maana hiyo MC wetu wa harusi, anayemwita shangazi wa bibi harusi kwa jina aje atunze, yuko karibu na chimbuko kuliko wengi wanaojitangaza kuwa hip hop halisi. Nalisema hili kwa heshima zote, maana kazi ya kushika ukumbi mzima kwa maneno ni ngumu mno.

Baada ya Herc akaja Joseph Saddler, mzaliwa wa Barbados, anayejulikana kama Grandmaster Flash. Huyu alisomea umeme shuleni na alitaka mpito kutoka santuri moja kwenda nyingine uwe safi, usikwame. Enzi zile kushika uso wa santuri kwa vidole ilikuwa kama dhambi. Yeye akaushika. Akapiga alama kwa kalamu ya nta pale kipande kinapoanzia, halafu akawa anahesabu mizunguko ya kurudisha nyuma kwa kuangalia alama ile kama mtu anavyoangalia mshale wa saa. Chini ya santuri akaweka kitambaa kizito alichokitia wanga na kukipiga pasi hadi kikakakamaa, ili sahani ya mashine iendelee kuzunguka hata mkono ukiwa umeizuia santuri. Nilipojaribu mwenyewe, kwa kalamu ya rangi ya mdogo wangu, niliharibu santuri tatu za kaka na nikachapwa. Siku alama ilipotua chini ya sindano mahali pake nilisahau fimbo zote. Kukwaruza, yaani kuisukuma santuri mbele na nyuma chini ya sindano itoe mlio, kulikuja kwa kijana mdogo zaidi, Theodore, aliyezuia santuri kwa mkono ili amsikie mama yake aliyekuwa anamgombeza kwa kelele. Akaupenda mlio.

Haya hayakutokea mahali penye raha. Barabara kuu ya Cross Bronx ilikuwa imepasua makazi ya watu katikati, na miaka ile ya 1970 majengo yaliungua mtaa baada ya mtaa. Magenge ya vijana yaliuana. Desemba 1971, baada ya kijana mmoja wa genge la Ghetto Brothers kuuawa alipokwenda kusuluhisha ugomvi, magenge hayo yalikutana yakaafikiana kusitisha vita badala ya kulipiza kisasi. Bila makubaliano yale sidhani kijana angethubutu kuvuka mtaa wa watu kwenda kucheza muziki. Baadaye sherehe zikahamia viwanjani, umeme ukavutwa kutoka nguzo za taa za barabarani. Waliokuwepo ni weusi wa Marekani, watoto wa visiwa vya Karibi, na vijana wa asili ya Puerto Rico, ambao mchango wao kwenye dansi hausemwi vya kutosha. Kundi la wachezaji la Rock Steady Crew lilizaliwa hukohuko mwaka 1977.

Uchoraji wa kuta, ambao nao ni sehemu ya hip hop, ulikuwa umetangulia hata sherehe ya Cindy. Mwaka 1971 gazeti la New York Times lilikwisha andika habari za kijana aliyeandika jina lake la mtaani, TAKI 183, jiji zima.

Sasa ilikuwaje tukabaki na kuchana peke yake? Mimi naona jibu liko mwaka 1979. Santuri ya rapu ya "Rapper's Delight", ya kundi la Sugarhill Gang, ilipotoka, midundo yake ilipigwa na bendi studioni. DJ hakuhitajika. Santuri inaweza kubeba sauti, lakini haiwezi kubeba duara la wachezaji wala ukuta uliochorwa. Kilichosafiri kikawa ni sauti, na sisi huku tukaipokea kwa kaseti, baadaye kwa redio. Saleh J alipochana kwa Kiswahili mwaka 1991, na kundi la Kwanza Unit walipofuata, walifanya kazi kubwa ambayo nitaitetea popote. Ila mengine yalichelewa njiani.

Majuzi nilikwenda kwenye shindano la hip hop la vijana, nisilitaje jina. Zawadi zilikuwa za wachanaji tu. DJ alikuwa kompyuta iliyoachwa mezani ikijipigia. Watoto wanne wa brekidansi, ninaowajua, waliambiwa wapande jukwaani wakati majaji wanajumlisha alama, na kabla hawajamaliza muziki ukazimwa. Mmoja alishuka ameshika kiwiko kilichochubuka, anauliza kama amekosea kitu. Nilikosa la kumjibu.

Na dansi hilohilo Agosti 2024 lilichezwa Olimpiki ya Paris! Dhahabu zilikwenda kwa Ami wa Japani na Phil Wizard wa Kanada. Pale DJ alikuwa jukwaani, MC naye alikuwepo, na wachezaji hawakujua wangepigiwa wimbo gani. Ilikuwa karibu sana na Bronx ya 1973.

Ombi langu kwa gazeti ni dogo. Mkimaanisha rapu, andikeni rapu. Mkiandika hip hop, mtafuteni na DJ, mchezaji na mchora ukuta, muwaulize wanafanyaje kazi zao. Waandaaji nao watenge zawadi kwa wote. Wale watoto wanne wanafanya mazoezi kila Jumamosi saa kumi alasiri kwenye uwanja wa saruji jirani na kwangu, juu ya maboksi ya friji yaliyokunjuliwa na kuunganishwa kwa gundi ya karatasi. Mwandishi wenu akipenda kuja, nitakuwepo na mashine mbili za kupigia santuri na santuri zilizobaki.

Wako,
DJ wa zamani,
Temeke, Dar es Salaam