Maji ya bati langu na sebule ya jirani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie maji ya mvua yanayotoka katika nyumba zetu sisi tuliojenga milimani hapa Mwanza.

Mvua ya milimita 30 ikinyesha juu ya paa la mita za mraba 80 huteremsha lita 2,400 za maji, na kwa kuwa chini yetu ni mwamba, na udongo kidogo uliobaki tumeufunika kwa pevingi, maji hayo hayana pa kuzama. Hushuka kwa jirani, yakaingia Mto Mirongo na kuishia ziwani pamoja na tope na takataka zote za njiani. Nami nilikuwa mkosaji, hadi masika ya mwaka juzi jirani wa chini aliponiita nikaone tope lililoganda kwenye miguu ya makochi yake.

Niling'oa sehemu ya pevingi, nikachimba bustani ya mvua, yaani kishimo kipana chenye mimea kinachopokea maji ya paa ili yazame ardhini, chenye kina cha sentimita 20, mita tano kutoka kwenye msingi na mbali na shimo la choo, kisha nikaelekeza gata humo. Ukingo wa chini niliuzuia kwa mawe, ambayo kwetu hayanunuliwi. Kabla ya kupanda chochote nilijaza maji, na udongo wetu wa kichanga, ambao Wasukuma huuita luseni, uliyanywa yote kabla ya kesho yake. Wanaohofia mbu wazingatie kwamba kiluwiluwi huhitaji takriban wiki nzima majini kabla ya kuruka. Mwenye udongo mzito wa mbuga asiige kabla ya jaribio hilo.

Kwenye mimea nilikosea mara moja: nilipanda mafunjo, yakakauka kiangazi kilipofika, kwani hayo hutaka maji daima. Mkindu na ukoka, vinavyostahimili maji na ukame kwa zamu, vimeshika vizuri. Muuza miche alinisihi nichukue maua ya kigeni. Nilimkumbusha kwamba gugu maji nalo, ambalo asili yake ni Amerika ya Kusini, lilisambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa ua lake.

Ninawaomba wanaotoa vibali vya ujenzi wamtake kila mwombaji aonyeshe kwenye ramani yake maji ya paa yataishia wapi ndani ya kiwanja chake mwenyewe.

Msomaji wako,
Mwanza