Barua kwa vijana wa timu: hata "siji" ni jibu

Vijana wangu, shikamoo zenu nimezipokea, marahaba, hata nyie mnaonisalimia kwa emoji marahaba pia. Naandika hii barua wazi kila mtu aione kwa sababu nikimpigia mmoja mmoja mtasema mzee kanikalia kooni, na ukweli ni kwamba nawasema wote, na mimi mwenyewe nimo, mtaona huko mbele.

Nianze na gemu yetu ya easofti Jumapili iliyopita, huu mchezo wetu wa vita vya kuigiza kwa bunduki za vipira vya plastiki. Kwenye grupu waliosema "nipo" walikuwa watu 12, nimerudi kuhesabu mwenyewe kwa kidole. Kapteni wenu usiku akakaa akakata vitambaa vyekundu 12, vile vya kujiwekea kichwani ukishapigwa, kavikata kwenye shuka moja kuukuu na kingo kazinyoosha utadhani fundi cherehani, akavikunja akavitia kwenye mfuko. Asubuhi tukafika sita. Nilikuwa nimesimama jirani yake pale magari yanapoegeshwa, namwona anagawa kimoja kimoja, anamaliza, anabaki na mfuko mkononi na ndani vimebaki sita, anauangalia, anaukunja, anaurudisha kwenye begi, wala hakusema neno. Marshali, yule mwamuzi wa uwanja, akaja mko wangapi, sita, marshali akaangalia karatasi yake imeandikwa 12, basi ikawa kupanga upya kila kitu, tukachanganywa na watu tusiowajua, wenzetu wa upande wa pili wamesimama juani na miwani wameipandisha kwenye paji wanatusubiri sisi. Saa nne simu ya kapteni ikaita meseji: "oya leo sitaweza." Saa nne jamani! Tulishamaliza raundi ya kwanza. Hiyo si taarifa tena, hiyo ni kuja kuhani wakati matanga yameshaondolewa.

Sasa nisikilizwe vizuri. Sina ugomvi na mtu asiyekuja. Hii timu ni ya kujifurahisha, hakuna anayelipwa, mtu ana kazi ya zamu, ana mtoto kaamka na homa, kachoka tu anataka kulala, ni haki yake, tena sitaki hata kuambiwa sababu. Nachotaka ni neno moja. Ukisema siji siku ya Jumatano umenisaidia kama vile umekuja, kwa sababu nafasi yako nampa mwingine, gari linapangwa upya, bunduki ya akiba anapewa mgeni. Mtu aliyekosa gemu tatu mfululizo na zote tatu akasema mapema, kwangu huyo ni mwanachama kamili kuliko anayekuja tatu kati ya tano na hujui ni zipi.

Na hili neno "nitajaribu" mimi nimelichoka. Nitajaribu ni nini? Kwa mwenye kulisema maana yake siji ila naona aibu kukwambia, kwa mwenye kulisikia maana yake nakuja, hapo kila mtu anaondoka na lake. Ndugu yake ni "niko njiani", linatoka kwenye mdomo ambao hata mswaki haujaguswa. Halafu kuna lile dole gumba, hilo ndio limevunja rekodi. Kapteni anauliza nani anakuja Jumapili, anapata madole tisa. Yupo anayemaanisha nakuja, yupo anayemaanisha nimeona, yupo anayemaanisha swali zuri. Grupu lina watu wengi, vichekesho vinapita meseji mia kwa siku, ila swali moja la kazi likiwekwa kimya kinatanda kama umeme umekatika. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, chenu hakina mshindo wala nini, kimya tu.

Nawaomba majibu yawe matatu basi: nipo, sipo, au nitajua Alhamisi. Hilo la tatu si kosa, watu wana maisha, ila Alhamisi ikifika ulirudie mwenyewe usisubiri kukumbushwa kama deni. Msiongeze la nne.

Nilisema na mimi nimo. Miaka ya nyuma, magoti yakiwa bado yananitii, nilikuwa na mwenzangu tunacheza pamoja kila mara, yeye analinda kushoto mimi kulia, hatukuhitaji hata kuongea. Wikendi moja tukakubaliana tukutane barabarani alfajiri twende na usafiri mmoja, na yeye ndiye aliyekuwa na magazini zangu, vile vikasha vya kujazia vipira, na chaja yangu kwa sababu bunduki yangu alikuwa kaitengeneza yeye. Usiku ule nikagombana na mtu nyumbani, jambo la kijinga tu, nikalala nimenuna na asubuhi nikazima simu. Sikuwa mgonjwa, sikuwa na dharura, nilikuwa nimenuna. Yule bwana alisimama pale masaa mawili na mabegi mawili, lake na langu, gari zinapita. Jioni akaleta begi langu mlangoni, magazini kazifuta, betri kaichaji ile chaji ya kuhifadhia maana anajua betri hizo za lithiamu (LiPo) hazitakiwi kukaa zimejaa wala zimekauka, akasema "vitu vyako hivi" akaondoka. Hakunigombeza. Ningegombezwa ingekuwa afadhali. Baada ya hapo hakuwahi kuniuliza tena kama nakuja, akawa anapanga mambo yake bila kunihesabu, na mimi kwa kiburi sikuomba radhi mpaka ikawa imechelewa mno kuomba. Timu za kujifurahisha huwa hazivunjiki kwa ngumi, zinavunjika hivyo, mtu mmoja anaacha kumuuliza mwingine.

Ndani ya uwanja sasa, maana kimya kinahamia na huko. Tatizo letu si kwamba hatupigi kelele, kelele tunapiga sana, ila hazina kitu ndani. "Yupo pale! Yupo pale!" Pale wapi mwanangu? Wewe umeinama nyuma ya pipa unaona, mimi niko mita 20 nyuma yako naona mgongo wako tu. Sema ni wangapi, wako wapi, wanafanya nini, basi. "Wawili, nyuma ya matairi, wanasogea kulia." Ni pumzi moja tu. Na aliyesikia ajibu, "matairi, wawili, nimewapata", maana usipojibiwa hujui kama umesikika au umeongea na miti.

Halafu ile mambo ya kutaja upande kwa saa, mnaiga kwenye video, mimi nasema tuiache, na sababu mmeiona wenyewe juzi. Mtu kapiga kelele "saa tatu, saa tatu!" nusu ya timu imegeuka kulia kwa sababu tarakimu 3 kwenye uso wa saa iko kulia, nusu nyingine imegeuka kushoto kwa sababu saa tatu yetu sisi mshale unakaa kwenye 9. Wote wako sahihi! Na aliyekuwa anakuja akatupitia katikati akatupiga wanne kwa utulivu wake kabisa. Kiswahili chetu na saa za kizungu haviendi pamoja kwenye hilo, tumieni vitu vinavyoonekana, kibanda, ukuta mweupe, mti uliopinda, na mkisema kushoto semeni kushoto kwa nini. Dakika tano kabla ya kuanza mzunguke uwanja mkubaliane majina, hiki tunakiita kibanda, ile tunaiita korongo. Mkiruka hizo dakika tano mtazilipa baadaye, na zaidi.

Redio kol nazo. Bonyeza, subiri kama sekunde moja, ndio uongee, la sivyo neno la kwanza linakatwa na mara nyingi neno la kwanza ndio jina la unayemwita. Taja unayemwita kwanza halafu wewe: "Chui, hapa Kobe." Na mkiwa chaneli moja wawili wakibonyeza kwa pamoja wengine hatusikii yeyote, tunasikia mkwaruzo, kwa hiyo ongea kwa kifupi uachie. Kuna mmoja wenu, simtaji, alilala chini juu ya kitufe chake tukasikiliza pumzi zake na karatasi ya peremende kwa muda usiopungua dakika kumi, chaneli nzima imefungwa, maadui wanatuzunguka na sisi tunasikia anavyomung'unya. Nilicheka, nakiri, ila tulipoteza ile gemu.

Lingine ni zito kidogo na hapa sitanii. Easofti haina rangi ya kuchafua nguo kama peintiboli. Kipira cha plastiki cha milimita 6 kikikugonga hakiachi alama ya kuonyesha watu, kwa hiyo mchezo wote unasimama kwenye mdomo wako kusema "hiti", yaani nimepigwa. Ulianzia Japani miaka ya 1970, mwaka 1991 kampuni ya Tokyo Marui wakatoa ile bunduki ya umeme ya mfano wa FAMAS ya Wafaransa na mambo yakabadilika kabisa, betri, gia, leo mna vitu vya kielektroniki hata mimi sivielewi, lakini kwenye viwanja vya kawaida kama vyetu kujua nani amepigwa bado ni kazi ya mdomo wa aliyepigwa. Ukikaa kimya pale umemwibia mtu na hana pa kushtaki. Na ukimwona mwenzako wa timu anameza hiti, mwambie wewe, pembeni, kabla marshali hajamwambia mbele za watu. Huko ndio kumlinda. Mnamnyamazia mnasema ni mwenzetu, kisha timu nzima inapata jina baya na wageni hawataki kucheza na sisi.

Vilevile kwenye krono, kile kifaa cha kupima mwendo wa kipira. Ukiulizwa umeweka bibi za uzito gani (acheni kucheka, ndio vile vipira, BB ndivyo inavyosomeka) sema ukweli. Kipira cha gramu 0.20 kikitoka na mwendo wa mita 100 kwa sekunde kinabeba nishati ya jouli 1 kamili, cha gramu 0.28 kwa mwendo huohuo ni jouli 1.4, namba ya mwendo kwenye kioo inabaki ileile na maumivu yanaongezeka. Umedanganya uzito, umempiga binadamu kwa nguvu ambayo hakukubaliana nayo. Na usibadilishe katikati ya siku bila kusema.

Makapteni na nyie msijifiche nyuma ya barua yangu mkasema mzee kawapasha. Tarehe mnaitoa Ijumaa usiku halafu mnalalamika watu hawajitoi! Toeni mapema, na gemu ikiahirishwa semeni imeahirishwa na kwa nini, msifute tu ile meseji. Kazi mmezirundika kwa mtu mmoja, ndio yeye anayehesabu, ndio anayetafuta usafiri, ndio anayekata vitambaa, siku akichoka timu imekufa. Gawaneni. Mmoja ahesabu majina, mmoja ashike magari, mmoja ashike sanduku la huduma ya kwanza na ajue kilichomo. Na habari za kutoza faini mtu asiyekuja mimi sizitaki, nimewahi kuwa kwenye timu ya faini na kombati zinazofanana na kupiga saluti, kulikuwa na masajenti wanne wa kujitangaza na wachezaji watatu. Mtu akilipa faini anaona kamaliza, dhamiri inanyamaza. Mpigie simu. Dakika mbili tu, "vipi ndugu hatukuoni, uko salama?" Nusu ya wanaopotea ni watu waliopatwa na jambo wakaona aibu kurudi baada ya kukaa kimya muda mrefu, wanasubiri mtu awafungulie mlango.

Na wageni, jamani, wageni. Yule kijana wa mwezi uliopita tumempa miwani ya kuazima na bunduki ya akiba tukamwacha amesimama kwenye kona hajui hata mchezo umeisha, kapigwa mara ya kwanza hajui aende wapi, akawa anazunguka na kitambaa kichwani akiuliza watu. Hakuna aliyemkosea kwa neno, na hakuna aliyemwambia neno. Hajarudi. Kila mgeni awe na mtu wake mmoja kwa siku nzima, nimejitolea kuwa wa kwanza, siku hizi sikimbii sana kwa hiyo tutaongea.

Mtu akitaka kuacha kabisa, aage. "Fulani ametoka kwenye grupu" saa sita usiku, bila kwaheri, wengine tunakaa kujiuliza tumemfanya nini. Andika tu jamani nimepumzika, tutaagana vizuri na siku ukirudi utakuta watu walewale.

Gemu ijayo ni Jumapili hii. Majibu mwisho Alhamisi jioni, kwa maneno. Na kuna glavu moja ya mkono wa kushoto, nyeusi, imeshonwa kidole gumba kwa uzi wa kijani, ipo kwenye begi langu wiki ya tatu hii. Nimeiuliza mara mbili kwenye grupu, nimepata madole gumba kumi na moja na mwenyewe bado sijamjua.