Salamu za Kisamoa tusizizungushe kwa Kiingereza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu jedwali la salamu za visiwa vya Pasifiki lililotoka kwenye ukurasa wenu wa lugha. Wazo lenyewe ni zuri. Wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Apia, mji mkuu wa Samoa, Oktoba 2024, na Tanzania ni mwanachama wa jumuiya hiyo. Hapa Mwanza nako wapo vijana wanaokutana na Wasamoa kwenye masomo ya mtandaoni, makanisani na kwenye mechi za raga wanazotazama kwa simu. Tatizo ni ile safu ya matamshi. Inaonekana ilinakiliwa kutoka mahali palipoandikwa kwa ajili ya watu wanaosoma Kiingereza: "tah-low-fah", "fah-ah-feh-tie". Mtu wa Kirumba akiisoma kama ilivyo atamalizia na "ti-e", kitu ambacho si Kisamoa wala si Kiingereza.

Mswahili hana haja na safu hiyo. Kisamoa kina irabu tano zile zile, a, e, i, o, u, na hutamkwa karibu sawa na zetu. Kila silabi huishia kwenye irabu. Mkazo kwa kawaida hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, kama tulivyozoea. Mpe mwanafunzi wa darasa la tatu pale Igoma neno manuia, atasoma ma-nu-I-a bila kufundishwa, na atakuwa amepatia. Herufi za asili ni 14 tu. H, k na r ziliongezwa kwa ajili ya maneno ya kukopa, zikafika 17. B, d, j, z, w na y hazimo kabisa. Ndiyo maana majina ya Biblia kwao yamebadilika sura: Petro ni Peteru, Daudi ni Tavita, Yohana ni Ioane. Kijana anayeitwa Daudi asishangae mwenyeji wake akimwita Tavita siku ya kwanza.

Kazi ya kweli iko kwenye mambo matatu, na hayo ndiyo jedwali lenu liliyaruka.

La kwanza ni herufi g. Kisamoa huiandika g peke yake, lakini sauti yake ni ile ya ng' katika ng'ombe. Neno igoa, yaani jina, husomwa ing'oa. Wala lisisomwe kama mwanzo wa Igoma. Lugha yenyewe huitwa gagana, soma ng'ang'ana. Pago Pago, mji mkuu wa Samoa ya Marekani, ni Pang'o Pang'o, na mchezaji wa raga Manu Tuilagi ni Tuilang'i, ingawa watangazaji wetu wanamtaja kila mmoja kivyake. Hapa tuna bahati kuliko Mwingereza, ambaye huhangaika sana sauti hiyo ikianza neno. Sisi tunaianza tangu utotoni.

La pili ni koma liliu, ile alama ya ' inayoonekana katikati ya fa'afetai. Kwetu alama hiyo ni sehemu ya ng' na haina sauti yake yenyewe. Kwao ni konsonanti kamili: koo linafunga, pumzi inakatika, halafu linafunguka. Sauti hii tunayo ila hatuiandiki. Mkataze mtoto asiguse sufuria la moto, mwambie "a-a!", kisha sikiliza kinachotokea kati ya hizo a mbili. Ndiyo hiyo. Kosa la Mswahili ni kuziunganisha, akasema "faafetai" kama anavyosema saa au kaa. Mwenyeji ataelewa, maana asante haipotei kirahisi. Lakini kuna maneno ambayo alama hiyo ndiyo inayoyatenganisha: fai ni kufanya, fa'i ni ndizi, ulu ni kichwa, 'ulu ni tunda la shelisheli. Na kubwa kwenye salamu, mai, neno lililomo katika swali la kuuliza hali, haina kituo cha koo, lakini ma'i ni ugonjwa. Ukimwuliza mtu hali yake huku umekaza koo mahali pasipotakiwa, umeshaingiza habari za kuumwa.

La tatu ni irabu ndefu, inayoandikwa kwa mstari juu yake: ā, ē, ō. Ivute kama a ya saa. Tama ni mvulana. Tamā, mkazo ukihamia mwisho, ni baba. Kwenye simu bonyeza herufi a bila kuachia mpaka orodha itokee, kisha chagua ā. Wasamoa wengi wenyewe huziacha alama zote mbili wanapoandikiana, kwa sababu wanajua neno linavyotamkwa. Mgeni asiwaige hapo. Anayejifunza kutoka maandishi yasiyo na alama hujifunza makosa, na kuyang'oa baadaye ni kazi kuliko kujifunza upya.

Sasa salamu zenyewe. Tālofa, au Tālofa lava kwa heshima zaidi, hutumika saa yoyote. Msukuma atasema mwangaluka asubuhi na mwadila jua likishageuka. Tālofa haiangalii jua. Tahadhari moja: itamke ikatike. Ukiongeza ē ndefu mwishoni, Tālofa ē, umeshatoka kwenye salamu, umemhurumia mtu, kama kusema masikini wee. Nayo haifai kumwambia mwenzako ndiyo kwanza amefungua mlango.

Kwa rika na watu mliozoeana kuna mālō. Hili jedwali lenu liliandika "mambo", likaishia hapo, na ni hasara, kwa sababu neno hili lina kazi nyingi. Mālō ni salamu, na pia ni pongezi kwa aliye kazini. Mālō le galue (soma ng'alue) huambiwa mtu anayefanya kazi, kama sisi tunavyopita shambani au gereji na kusema pole na kazi. Linalopendeza kuliko yote ni la safarini. Abiria humwambia anayeendesha gari au chombo Mālō le fa'auli, hongera kwa kuendesha, naye dereva hujibu Mālō le tāpua'i, akiwashukuru kwa kumwunga mkono kwa dua wakati yeye ameshika usukani. Ukipanda kivuko cha Kamanga utaona wengi wetu tunashuka hatujamtupia nahodha hata jicho. Kwao kunyamaza namna hiyo kunaonekana.

Kuuliza hali: 'O ā mai 'oe? Jibu: Manuia, fa'afetai. 'Ae ā 'oe? yaani salama, asante, na wewe je? Hapa Mswahili huteleza kwa sababu ambayo Mwingereza hawezi kumweleza. Sisi tukisema hamjambo, wawe wawili au wawe mia, ni neno moja. Kisamoa huhesabu. Mtu mmoja ni 'oe, wawili ni 'oulua, watatu na kuendelea ni 'outou. Ukiwakuta mume na mke wamekaa, ni 'O ā mai 'oulua? Mtoto wao akiingia na kukaa, unageuka kwenye 'outou. Mwanzoni utajikuta unahesabu vichwa kabla ya kufungua mdomo. Si vibaya, bora usimame kidogo kuliko kumwacha mtu mmoja nje ya salamu.

Kujitambulisha ni kufupi: 'O ai lou igoa? Jina lako nani? 'O lo'u igoa 'o Ioane. Angalieni lou na lo'u. La kwanza ni lako, la pili ni langu, na kilichopo kati yao ni koo kufunga tu. Ukisahau koma liliu, unamtajia mtu jina lake badala ya lako.

Jedwali liliorodhesha pia Manuia le taeao kwa asubuhi, Manuia le afiafi kwa jioni na Manuia le pō kwa usiku. Ni sahihi, ila ni maneno ya kutakiana heri. La usiku ni la kuagana, kama usiku mwema. Anayefika saa mbili usiku aanze na tālofa. Kwa simu kuna mtego mwingine. Samoa iko mbele yetu kwa saa 10. Hapa ikiwa saa tatu asubuhi, Apia ni saa moja jioni. Hapa ikiwa saa mbili usiku, kwao ni saa kumi na mbili asubuhi ya kesho yake. Kwa hiyo ujumbe wa sauti unaourekodi Capri Point huku jua likizama ziwani unampata mtu ambaye anaamka. Mtakie heri ya asubuhi yake, si ya usiku wako. Vitabu vya zamani vinaweza kuwapoteza kwenye hesabu hii, kwa kuwa Samoa ilivuka mstari wa tarehe mwishoni mwa 2011 na kuiruka kabisa siku ya Desemba 30. Samoa ya Marekani haikuvuka, imebaki nyuma siku nzima, ingawa ni jirani.

Kuagana ni tōfā, kwa heshima zaidi tōfā soifua, na kwa marafiki fā tu. Tafadhali ni fa'amolemole. Ndiyo ni 'ioe, hapana ni leai.

Wasomaji wengi wa hapa watauliza: shikamoo yao ni ipi? Hakuna neno moja la kumpa kila mkubwa. Heshima kwao iko kwenye uchaguzi wa maneno kulingana na cheo cha mtu, na kwenye mwili. Karibu kwa chifu mkubwa ni afio mai. Kwa tulāfale, yaani chifu msemaji, ni maliu mai. Susū mai ni ya heshima pia, na huwafaa wachungaji na walimu. Vivyo hivyo kwenye kuuliza hali: badala ya 'oe unataja heshima yake, 'O ā mai lau susuga? kwa mchungaji au mwalimu, na lau afioga kwa chifu mkubwa. Mgeni hatarajiwi kuzijua zote, lakini akimpa mchungaji mzee 'oe kavu, masikio yatasimama.

Na mwili. Nyumba ya Kisamoa ya asili haina kuta, watu wamekaa mikekani, nawe unataka kupita mbele yao. Usipite wima. Inama kuanzia kiunoni, mikono chini, punguza mwendo, na useme tulou, tulou lava, mpaka umemaliza kupita. Ukifika mahali pako kaa, kunja miguu, ndipo uzungumze; kuongea umesimama wakati wakubwa wamekaa ni utovu wa adabu. Miguu ikichoka usiwanyooshee watu nyayo, na ikibidi uinyooshe, ifunike kwa mkeka au kanga. Kama ningepewa nafasi ya maneno mawili tu kwenye jedwali, ningechapa tālofa na tulou. La pili hamkuliweka.

Jambo la mwisho ni la masikio. Ukijifunza hayo yote vizuri, kisha ukawasikia Wasamoa wenyewe wakizungumza sokoni, utadhani umefundishwa lugha nyingine. Kanisani, shuleni, redioni na mbele ya wageni wanatumia t na n. Nyumbani na kwa marafiki t inakuwa k, na n inakuwa ng': fa'afetai linasikika fa'afekai, tōfā linakuwa kōfā, manuia linakuwa mang'uia. Mtindo huo huitwa tautala leaga, usemi mbaya kwa tafsiri, lakini msidanganywe na jina, maana hata machifu husikika wakiutumia kwenye hotuba zao za mila. Mgeni ajifunze kusema kwa t na kusikia kwa k. Akianza yeye mwenyewe na k ataonekana amejizoesha kabla ya kuzoeana.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mkilichapa tena jedwali hilo, ondoeni safu ya matamshi, na nafasi yake iwe na maelezo matatu chini: g isomwe ng', alama ya ' ni kituo cha koo, mstari juu ya irabu ni kuvuta. Tenganisheni 'oe, 'oulua na 'outou, na muongeze tulou. Kama mitambo yenu haina ā, chapeni a ya kawaida na kuonya hapo chini kwamba inavutwa. Alama ya ' mnayo tayari kwa ajili ya ng'ombe, hiyo isikosekane.

Mwalimu wa lugha,
Nyamagana, Mwanza